Mjukuu wa Likoni anunuliwe geji 20, si ile ndogo

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo gazetini kwako, na ukiona barua ni ndefu ikate popote upendapo lakini usikate pale pa geji 20, yaani kipimo cha tundu la bunduki, tafadhali, maana ndipo penyewe.

Niliisoma ile barua ya mama wa Likoni aliyelalamika kwamba mwanawe alioko Minnesota, Marekani, ataka kumnunulia mjukuu bunduki ya kuwindia, ukoo nao utoe mchango, na mtoto mwenyewe bado ang'oka meno. Kisha nikayasoma majibu ya watu. Mmoja kasema baba mtu ashtakiwe, mwengine kasema hongera mtoto awe dume, na wa tatu, huyu ndiye alonitoa mie jikoni na mikono ina unga, kamshauri mama amwambie mwanawe anunue shotgani, bunduki ya marisau, ya .410 kwa sababu ndiyo ndogo kuliko zote na mtoto mdogo atakiwa apewe bunduki ndogo. Basi hapo nikasema hapana, hili lisipojibiwa huyo mtoto atanunuliwa kitu cha kumkatisha tamaa na bibi yake atabaki na wasiwasi ule ule.

Mie ni mzaliwa wa Mji wa Kale, nikaolewa nikapelekwa Minnesota, na wanangu wamekulia huko kabla ya sisi kurudi Mombasa. Mume wangu alifundishwa kuwinda na jirani, mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa na mbwa wengi kuliko alivyokuwa na majirani wa kuongea nao, na binti yangu alipotaka na yeye kujifunza ikabidi mtu ampeleke darasani jioni na huyo mtu nikawa mie, kwa hivyo nimekaa kiti cha nyuma na buibui langu nikasikiliza somo lote mwanzo hadi mwisho na mtihani nikafanya. Watu wa maskani wacheke watakavyo, lakini wao bunduki wameijua kwenye filamu.

Kwanza tuelewane. Hapa Kenya kuwinda kulipigwa marufuku mwaka wa 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaja kukaza zaidi, kwa hivyo mtoto wa Mombasa akisikia bunduki anamuwaza polisi, askari wa benki ama jangili. Yule wa Minnesota akisikia shotgani anawaza msimu wa vuli, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mbwa wananusa kwenye nyasi, na ndege anaitwa fezanti, mkubwa kama jogoo na mkia mrefu, anaruka ghafla karibu na mguu wako mpaka roho inataka kutoka. Ni jambo lenye leseni, lenye msimu wa kufunguliwa na kufungwa, lenye idadi ya ndege unaoruhusiwa kwa siku, na askari wa wanyama anaweza kutokea kichakani akataka kuona karatasi zako na mfuko wako. Kwa kawaida aliyezaliwa baada ya tarehe 31 Disemba 1979 hapati leseni ya kuwinda huko bila cheti cha usalama wa silaha, na darasa la hicho cheti watoto wanaingia kuanzia miaka 11. Kwa hivyo mama, mwanao hajaingia wazimu, ameingia katika desturi ya nchi ya watu.

Lakini pia sitaki kukudanganya ati hofu yako haina msingi. Tangu mwaka wa 2020 bunduki ndiyo sababu ya kwanza ya vifo vya watoto na vijana Marekani, imepita hata ajali za magari, na katika hao wamo watoto walokuta bastola ya baba chini ya mto. Ndiyo maana swali la kwanza la kumuuliza mwanao si bunduki gani, ni itakaa wapi. Jibu unalolitaka ni hili: ndani ya kabati la chuma lenye kufuli, risasi zake mahali pengine na kufuli lake, na ufunguo mtoto haujui ulipo, si "nimeuficha juu ya kabati", kwani mtoto gani asiyejua kupanda kiti? Na sheria ya Minnesota yenyewe inamtia hatiani mtu mzima anayeacha bunduki yenye risasi mahali mtoto anaweza kuifikia. Akikujibu vizuri hapo endelea kumsikiliza. Akianza kujizungusha mwambie kwanza anunue kabati, bunduki ingoje mwaka ujao, ndege hawamalizi kuruka.

Sasa hiyo .410.

Watu wanachanganyikiwa na namba kwa sababu zinakwenda kinyume. Geji maana yake ni hivi: chukua ratili moja ya madini ya risasi, kama gramu 450 hivi, uigawanye tufe 12 zilizo sawa, basi tufe moja ndiyo kipimo cha tundu la kasiba la geji 12. Ukiigawanya tufe 20 kila moja inakuwa ndogo zaidi, hiyo geji 20. Ukigawanya 28 ni ndogo zaidi tena. Namba ikipanda tundu linapungua. Na hii .410 yenyewe haimo katika hesabu hiyo, hicho ni kipimo cha tundu kwa inchi, kama milimita 10, wakati geji 20 ni kama milimita 15 na nusu na geji 12 ni 18 na nusu. Mtu dukani akiona tundu jembamba vile anasema basi hii ndiyo ya mtoto, na muuzaji asiyejali anafunga mzigo.

Ni kweli .410 haipigi teke sana. Lakini shotgani haiui ndege kwa risasi moja, inatupa marisau mengi madogo yanayotawanyika hewani, na kazi yako ni kumuweka ndege katikati ya huo mtawanyiko. Ile .410 ya risasi fupi inabeba gramu 14 tu za marisau, geji 20 ya kawaida inabeba kama gramu 25, geji 12 gramu 32 na kuendelea. Sasa mtoto anayeanza, mikono inatetemeka, hajajua kumtangulia ndege anayekwenda mbio, wewe unampa bunduki yenye marisau machache kuliko zote, yaliyoachana nafasi kubwa hewani. Atakosa, na akikosa tena na tena atasema mie siwezi, aiweke chini arudi kwenye simu yake. Hiyo ndiyo nafuu. Mbaya ni pale anapompata ndege na punje moja ama mbili, ndege anayumba anakwenda kuangukia mbali nyasini hapatikani, anakufa polepole huko, na mtoto ameona kwa macho yake. Nimemuona mtoto wa watu akilia kwa hilo na sikumlaumu. Wazee wa kule wanasema .410 ni bunduki ya fundi na wala hawatanii, ni ya mtu aliyepiga miaka mingi na sasa anataka kujipa ugumu. Na juu ya hayo risasi zake mara nyingi ni ghali kuliko za geji 20, kwa hivyo hata kwa kufanyia mazoezi ni hasara. Kupigia kopo lililosimama hatua chache siku za mwanzo haina ubaya, ukipata ya kuazima. Kununua, la.

Geji 20 ndiyo ya katikati. Ina marisau ya kutosha kumuangusha fezanti kwa umbali ambao mtoto anafaa kupiga, ambao mie ningesema mita 25 basi, asijaribu zaidi, na zipo risasi nyepesi za kuanzia zinazomuonea huruma bega. Na akishakuwa mtu mzima bado ni bunduki anayoweza kwenda nayo kuwinda. Kuna wanaosifu geji 28 kwamba ndiyo tamu kuliko zote begani, na ni kweli ni tamu, ila risasi zake ni bei na si kila duka utazikuta, hiyo waachie wenye nazo. Geji 12 ya baba kwa mtoto wa miaka tisa ama kumi, hapana. Najua kuna kina baba wanaofanya hivyo makusudi ati ili mtoto aonje, wanachukua vidio anavyorushwa nyuma wanacheka. Huo ni ujinga na ukatili, nimekwisha.

Nikisema teke watu wanadhani ni suala la tundu tu. Teke linategemea na uzito wa bunduki pia, na hapa ndipo wengi wanaponunua kinyume. Risasi ile ile ukiipiga kwenye bunduki nyepesi inakuumiza zaidi kuliko ukiipiga kwenye nzito, kwa sababu bunduki nyepesi inarudi nyuma kwa kasi. Sasa madukani kuna vibunduki vya geji 20 vya kukunjuka katikati ili vitiwe risasi, vya risasi moja, bei rahisi, vina kilo mbili na kidogo, mama akivishika anasema hii sawa haitamchosha mwanangu. Haitamchosha kubeba lakini kila akifyatua itampiga ngumi, na mtoto akishapigwa ngumi mara kadhaa anaanza kufumba macho na kukunja bega kabla hata hajavuta traiga. Hiyo tabia ya kushtuka kabla ya mlio ikimuingia kuitoa ni kazi kubwa, kuna watu wazima wanahangaika nayo mpaka leo. Afadhali bunduki ya kilo mbili na nusu kwenda tatu kasoro, aipumzishe mkononi wakitembea, baba amsaidie kuibeba kurudi garini, kuliko ile ya wepesi wa udanganyifu.

Namna ya kupima kama mtoto anaiweza si ngumu. Bunduki iwe tupu, imekaguliwa na watu wawili, mtoto aipandishe begani alenge kitu ukutani atulie hivyo, na wewe uhesabu polepole. Akianza kuegemea nyuma kiuno kinatoka mbele tumbo limechomoza, bunduki imemzidi, mwaka huu bado. Mwili wake umekwisha kukujibu huna haja ya kumuuliza mtu.

La pili ni urefu wa kitako, yaani kutoka traiga mpaka pale panapogusa bega. Bunduki ya mtu mzima ina kama inchi 14. Mtoto anataka 12 ama 13, na wengine hata chini ya hapo. Sisi huku tuna desturi ya kununua sare ya shule kubwa ili mtoto akue nayo, shati linafika magotini na hakuna linaloharibika. Kwa bunduki usifanye hivyo hata siku moja. Kitako kirefu kitamkwama kwapani wakati ndege anaruka, atakitupia kwenye mkono badala ya bega, na shavu halitafika pale pa kulalia kwa hivyo jicho halitaona mstari wa kasiba, hapo atakuwa anapiga mbingu. Zipo zilizotengenezwa kwa watoto, Mossberg wanayo 500 Bantam ya geji 20 na Remington walikuwa na 870 ya kitako kifupi, na nyengine zinakuja na vipande vya kuongezea kitako mtoto akirefuka. Kama mwanao ameipata nzuri ya mtumba yenye kitako kirefu, fundi atakikata kwa pesa kidogo, kipande wakitunze. Usikione kitako kuwa ni pambo la bunduki, hicho ndicho kinachoishika na mwili wa mtoto.

Na hili nawakumbusha watu wetu walioko kwenye baridi kwa sababu watu wa huku hawawezi kulifikiria kabisa: mpimeni mtoto akiwa amevaa. Dukani mwezi wa saba ana fulana, bunduki inamkaa vizuri kabisa. Oktoba ana sweta, juu yake jaketi la pamba nene, juu yake kizibao cha rangi ya machungwa inayowaka ambacho sheria inataka aonekane nacho, siku hizi hata pinki inayowaka wamekubali na binti yangu ndiyo aliyoitaka. Hilo furushi lote linakula nusu inchi mpaka inchi nzima ya bega. Glavu nazo, mpimeni kama kidole chenye glavu kinaingia kwenye kiduara cha traiga bila kuigusa traiga yenyewe.

Jicho. Kabla hata ya kwenda dukani mwambie mwanao amsimamishe mtoto, anyooshe mikono yote miwili mbele, aikutanishe viganja vibaki na kitundu kidogo katikati, aangalie kitu cha mbali kupitia hicho kitundu macho yote yakiwa wazi, kisha afumbe jicho moja moja. Jicho ambalo kile kitu kinabaki ndani ya kitundu ndilo jicho lake kubwa. Kuna watoto wanaandika kwa mkono wa kulia na jicho lao kubwa ni la kushoto, na hao ukiwafundisha kupiga na bega la kulia watakosa miaka na hakuna atakayejua sababu. Mtoto mdogo ni rahisi kumuanzishia bega la upande wa jicho, mkubwa amekwisha zoea ni shida. Na ikiwa ni wa kushoto, hapo aina ya bunduki inakuwa na maana, kwa sababu Mossberg 500 kufuli yake ya usalama, ile ya kuzuia isilie, iko juu mgongoni, kidole gumba cha mkono wowote kinaifikia, wakati Remington 870 iko nyuma ya traiga na imewekewa mtu wa kulia.

Nikija kwenye aina yenyewe naomba nisiwachoshe, nitasema ninachokipenda na nisichokipenda. Sikipendi kile kibunduki cha risasi moja chenye nyundo ya nje, japokuwa ndicho wanachonunuliwa watoto wengi kwa urahisi wa bei na watu wanasema risasi moja ni usalama. Ukitaka kupiga lazima uivute nyundo nyuma na kidole gumba, na ndege asiporuka ama akaruka kuelekea kwa watu, inabidi uirudishe nyundo taratibu huku risasi imo ndani. Sasa mtoto, kidole kimekufa ganzi kwa baridi, springi ngumu, glavu zinateleza, amechangamka. Ikimponyoka inaweza kulia. Mie hapo roho yangu haikutulia kamwe. Ninachokipenda ni bunduki ya kukunjuka isiyo na nyundo ya nje, yenye kufuli ya usalama, kwa sababu ukiikunjua baba akiwa upande wa pili wa shamba anaona kwa macho kwamba haina kitu, hahitaji kuuliza wala kuamini. Ya kasiba mbili ni nzuri zaidi ila bei. Zile za kusukuma na mkono, kina Mossberg hizo nilizotaja, ni imara na bei ya wastani, mtoto atiliwe risasi moja tu asijazwe nyingine mpaka mtu mzima aseme. Zile zinazojijaza zenyewe kwa gesi teke lake ni laini kuliko zote, na kama mwanao ana uwezo na mtoto ni mwembamba sana si wazo baya, na hizo pia risasi moja moja, starehe ya kujijaza aisahau kwa sasa.

Kuna jambo moja ambalo nataka mama ulikariri umwambie mwanao kwa simu hata kama mengine yote utayasahau. Ikiwa baba ana geji 12 na mtoto ana geji 20, risasi zao zisikae mfuko mmoja, zisikae sanduku moja, wala kizibao kimoja kisitumiwe na wote wawili bila kukung'utwa. Risasi ya geji 20 ukiitumbukiza kwa bahati mbaya katika kasiba ya geji 12 haishiki mlangoni, inateleza inakwenda kukwama mbele kidogo mahali usipoiona, ukichungulia haraka unaona pako wazi, unadhani hujatia, unatia ya geji 12 nyuma yake na inaingia vizuri kabisa. Ukivuta hapo kasiba inapasuka mbele ya mkono wako. Kwa sababu ya balaa hilo watengenezaji wa Marekani wanazifanya za geji 20 rangi ya njano, ukiona ya njano unajua. Lakini alfajiri kiza hakijatoka rangi haionekani, kwa hivyo kila mtu na mfuko wake.

Masikio na macho pia, tangu risasi ya kwanza ya mazoezi, si baadaye. Shotgani inalia mlio unaoweza kuharibu masikio na kusikia kukiondoka hakurudi, na nusu ya kile ambacho mtoto anakiita teke ni huo mlio. Mvalishe vizuizi vya masikio utashangaa anakwambia haikuniuma.

Sasa umri, maana ndilo lililowachoma wengi. Watu wanataka namba, miaka minane, kumi, kumi na mbili. Mie naona tuna kipimo chetu kizuri zaidi. Wanazuoni wetu wa Kishafi hawakuuliza miaka walipozungumzia mtoto kuchinja, waliuliza kama ana tamyizi, anapambanua, anaelewa akiambiwa na anajibu la maana. Kwa bunduki naongezea moja juu yake: awe ni mtoto anayeacha. Yaani ukimwambia acha, anaacha pale pale, katikati ya raha, bila ya "kidogo tu mama". Mtoto anayebishana kuzima televisheni huyo bado hata akiwa na miaka 14. Na mwaka wake wa kwanza atoke na baba bila bunduki kabisa, ama na bunduki tupu, atembee nayo, avuke nayo ua wa waya kwa taratibu zake, kwanza kuikunjua, kuikabidhi, kupita, kupokea, na mdomo wa kasiba siku zote uwe upande ambao hakuna mtu. Tena hili si la Wazungu peke yao, Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kumuelekezea mwenziwe silaha, na hadithi iko katika Bukhari na Muslim, kwa hivyo mtoto wa Kiislamu darasa hilo anakwenda nusu yake anaijua, akumbushwe tu.

Na mama umeuliza kama hao ndege wataliwa ama ni dhambi tupu. Swali zuri, na hakuna aliyekujibu. Kuwinda kwa ajili ya kula kumo katika Qurani, Sura ya Maida inataja mpaka mbwa waliofundishwa. Kilichokatazwa ni kumfanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha ya mchezo, kama wale vijana Ibn Umar aliowakuta wamemfunga ndege wanamtupia mishale. Kuhusu aliyekufa kwa bunduki masheikh hawako kauli moja, wengi wa zama hizi wanamhalalisha ikiwa ulitaja jina la Mwenyezi Mungu wakati wa kufyatua na risasi ikamtoboa, na wengine, hasa katika vitabu vya madhehebu yetu, wanataka umuwahi akiwa hai umchinje. Nyumbani kwetu mume wangu alikuwa na kisu mfukoni na anamuwahi, asiyewahiwa tulimpa jirani akala yeye na mbwa wake. Fezanti upike wa nazi, nyama yake kavu kidogo inataka tui la pili lichemke muda mrefu ndipo utie la kwanza. Kabla hujauma chunguza marisau yaliyobaki, jino likivunjika huko daktari wa meno atakukamua pesa zote.

Kwa bata wa majini wao hawaruhusiwi marisau ya madini ya risasi Marekani nzima tangu 1991, kwa sababu ndege walikuwa wanayaokota kwenye matope wanayameza wanakufa kwa sumu, wanatumia ya chuma. Kama mjukuu atapelekwa kwa bata basi muuzaji aambiwe hivyo, na wahakikishe bunduki ya mtumba waliyonunua inakubali marisau ya chuma, zile za zamani sana nyengine hazikubali.

Mchango wa ukoo nao nimeona wengine wanauliza kwa nini watoe pesa kumpa mtoto silaha. Kisheria hampi mtoto, muuzaji mwenye leseni huko hamuuzii shotgani mtu aliye chini ya miaka 18, kwa hivyo ni ya baba na jina ni la baba na ufunguo ni wa baba. Mkitaka kuchanga changeni pesa za kabati la chuma na vizuizi vya masikio, hizo mtakuwa mmemtolea mtoto mwenyewe.

La mwisho mama, umeandika kwamba Disemba wanakuja, na mjukuu amekuahidi atakuja nayo awamalize kunguru wa Likoni. Nimecheka sana, maana hao kunguru wa Kihindi sote wametuchosha, na serikali yenyewe ilitangaza mwaka wa 2024 kutaka kuwapunguza milioni moja. Lakini mwambie baba yake asithubutu. Silaha haiingii nchi hii bila kibali, hata ikiwa ya mtoto na hata ikiwa imefunguliwa vipande vipande ndani ya sanduku, na wakimkuta nayo uwanja wa ndege pale Moi likizo yote itaishia kituoni na baadaye kortini. Iachwe Minnesota ndani ya kabati. Akifika mtafutieni mshipi na chambo, awekwe na mjomba mmoja mvuvi mwenye subira, na mumtazame kama akiambiwa nyamaza ananyamaza na akiambiwa ngoja anangoja. Majibu yake mpeni baba mtu kabla hawajapanda ndege kurudi, kwa sababu pesa za bunduki najua bado hajazitoa.

Mama Watatu,
Kibokoni, Mombasa